Kupanga mtaa wa makazi Mbeya: kuanzia mlimani hadi mlangoni

Mwongozo huu ni wa mtu anayetafuta kiwanja, wa mjumbe wa serikali ya mtaa, na wa mkazi aliyeitwa kwenye kikao cha urasimishaji, yaani kupanga na kupima mtaa uliokwisha kujengwa, asijue aanzie wapi kuuliza. Nimeuandika nikiwa na Mbeya mbele ya macho kwa kuwa ndiko ninakoishi, lakini mkazi wa Iringa, Makambako au Njombe atayakuta mambo ya kwake humu. Ninalotaka lieleweke ni kwamba mji wa makazi hupangwa kwa ngazi, na kila ngazi ina maswali yake ambayo ngazi iliyo chini yake haiwezi kuyajibu. Mwenye kiwanja anaweza kujenga nyumba imara ya tofali za kuchoma, akaezeka vizuri na kuzungushia ukuta, ila akiwa ndani ya ukuta wake hawezi kuuzibua mtaro uliozibwa nyumba sita juu yake, wala kuipata barabara ambayo haikuachwa tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo tutaanzia mbali na kushuka hadi mlangoni, kisha tutapanda tena.

Vifaa na ramani

Tafuta daftari, kamba ya mita 20 iliyofungwa mafundo kila baada ya mita moja, na ule mpira mwembamba wa maji wanaoutumia mafundi kupata usawa wa msingi. Baada ya hapo tafuta ramani, na uelewe mizani yake kabla ya kuitolea maoni. Katika ramani ya mizani ya 1:50,000 sentimita moja ni mita 500 za ardhini, kwa hiyo utaona milima, mito, reli na barabara kuu, lakini nyumba yako haitaonekana kama nyumba. Katika mizani ya 1:10,000 sentimita moja ni mita 100, na hapo kata nzima huenea mezani. Mchoro wa 1:2,500, ambao sentimita yake moja ni mita 25, ndio unaoonyesha kiwanja kimoja kimoja na njia inayokifikia. Wengi wetu huonyeshwa huu wa mwisho peke yake, tukatafuta jina letu na namba ya kiwanja, tukaridhika. Omba uonyeshwe yote mitatu katika ofisi ya ardhi ya halmashauri, kwa sababu mchoro wa viwanja hauonyeshi maji yanatoka wapi.

Hatua ya kwanza: soma mlima, maji na njia kuu

Mbeya imelala kwenye miteremko, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Mlima Loleza ukiwa kisogoni. Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo kila tone linaloanguka mlimani lazima lipite kati ya nyumba za watu ndipo lifike bondeni. Zaidi ya mlima, mji huu umeumbwa na njia mbili zinazokwenda karibu sambamba, yaani barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA iendayo huko huko, na ndiyo maana umerefuka kutoka Uyole hadi Iyunga na kuendelea mbele, badala ya kupanuka kama mkeka wa duara.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika jiji hili, na ile ya 2022 ikahesabu 541,603. Ongezeko ni la watu zaidi ya 156,000 kwa miaka kumi, na ukikadiria watu wanne kwa kila kaya utapata kaya zipatazo 39,000 zilizohitaji mahali pa kulala. Ardhi tambarare iliyo karibu na barabara ilikuwa imekwisha kukaliwa, kwa hiyo wengi walipanda kwenye miguu ya milima au walishuka kwenye kingo za mito. Mnamo Aprili 2024 tope lilishuka kutoka Mlima Kawetere na kufukia nyumba katika kata ya Itezi, na kila mkazi wa jiji hili aliyepita pale siku zile anajua kwamba swali la mteremko si la wataalamu peke yao.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, fanya mambo mawili. Kwanza, tembelea eneo wakati mvua inanyesha, usingoje ikatike. Simama chini ya mwamvuli mahali njia zinapokutana, uone maji yanaingilia wapi, yana rangi gani na yanabeba nini. Maji mekundu yenye changarawe yanakuambia kwamba huko juu kuna mahali panapokatwa. Pili, pima umbali kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, na kamba yako ya mita 20 ukiilaza mara tatu utajua ulipo. Muuzaji akikuambia kwamba mto huo haujawahi kufurika, mshukuru kwa maelezo yake, kisha pima.

Hatua ya pili: uliza mji mzima unaelekea wapi

Kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007, halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake, na chombo chake kikubwa cha kuongoza ukuaji ni mpango kabambe, ambao huonyesha maeneo ya makazi, biashara, viwanda, taasisi na hifadhi pamoja na barabara zitakazoyaunganisha. Katika ngazi hii hupati jibu la kiwanja chako, bali unajifunza majirani zako wakubwa watakuwa nani. Iyunga ina viwanda, Mwanjelwa ina soko, Uyole ni mahali barabara ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu. Kila kimoja kinaleta kazi, na kila kimoja kinaleta malori, kelele au taka ambazo lazima zipewe mahali.

Uliza hasa juu ya barabara. Barabara kuu inayosimamiwa na TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, ina hifadhi ya mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati, na nyumba iliyo ndani ya hifadhi hiyo imejengwa juu ya ardhi ya barabara hata kama mwenyewe ana karatasi ya mauziano yenye mihuri mitatu. Barabara za mitaa na za kata ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa 2017, na ni vizuri kujua mapema ni nani utakayemwandikia barua.

Maamuzi ya ngazi ya mji hubadilisha hatima ya maeneo kwa namna ambayo mtaa peke yake usingeweza. Uwanja wa ndege wa Songwe ulipoanza kazi mwishoni mwa 2012, ule wa zamani uliokuwa katikati ya makazi uliacha eneo kubwa la wazi ndani ya jiji, na ardhi ya namna hiyo haipatikani mara mbili. Iringa nako jiografia imetoa uamuzi wake: mji wa zamani umekaa juu ya ukingo wa jabali, barabara kuu inapita chini Ipogolo, na kati yake kuna mlima wa kupanda. Mpangaji anayechora Ipogolo kama mkia wa mjini juu, akitegemea kwamba watu watapanda kila siku kufuata zahanati na soko, amesahau miguu ya watu.

Hatua ya tatu: pima ujirani kwa miguu ya mtoto

Kati ya mji na mtaa kuna ngazi ambayo hapa kwetu huzungumzwa kidogo, nayo ni ujirani: eneo ambalo mtu anaweza kulimaliza kwa miguu na kupata humo mahitaji ya kila siku. Wazo hili lilipewa umbo la kitaalamu na Mmarekani Clarence Perry mwaka 1929, alipopendekeza kwamba watu 5,000 hadi 9,000 hivi wakae kuizunguka shule ya msingi, umbali wa robo maili au karibu mita 400, maduka yawe pembezoni, barabara kubwa zipite kandokando zisikate katikati, na sehemu moja kati ya kumi ya ardhi iachwe wazi. Mipango miji ya Tanzania ililipokea wazo hilo, na kuanzia miaka ya 1960 utaratibu wa nyumba kumi kumi chini ya balozi mmoja ulikuwa tayari umewazoesha watu kujihesabu kwa makundi madogo yanayojuana.

Hesabu ya mita 400 ilifanywa kwa ardhi tambarare. Kwenye mteremko wa Isanga au Iganzo mita hizo hizo ni safari nyingine, hasa kwa mama aliyebeba ndoo. Kwa hiyo usipime kwa rula. Mchukue mtoto wa darasa la kwanza, kwa ruhusa ya mzazi wake, na umfuate asubuhi anapokwenda shule. Mimi nilifanya hivyo na mtoto wa jirani yangu. Njia ilikuwa mita 700 kwenye ramani, nasi tulitumia dakika ishirini na mbili, nne kati ya hizo tukiwa tumesimama kando ya barabara kuu tukisubiri malori yapite. Alinishika mkono bila kuombwa. Barabara hiyo imeukata mji wetu kwa urefu wake wote, na mtaa ambao shule yake iko ng'ambo ya pili haujakamilika hata ukiwa na viwanja vilivyonyooka kama mistari ya daftari.

Andika katika daftari umbali wa kufika shule, zahanati, bomba au kisima, genge, kituo cha daladala na uwanja wa kuchezea, na dakika zake pia. Palipo na pengo ndipo pa kudai ardhi mapema, kwa sababu eneo la shule huombwa wakati bado kuna mashamba ya mahindi, si baada ya kila shamba kugawanywa vipande ishirini.

Hatua ya nne: mtaa na kitalu

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa kuwa ndipo wakazi wana nguvu kubwa kuliko wanavyodhani, na ndipo makosa yanapouma kila siku.

Anza na hesabu ya ardhi. Chukua eneo la hekta 10, ambalo ni mita za mraba 100,000. Tukitenga asilimia 35 kwa barabara, mitaro, eneo la wazi na huduma, zinabaki mita za mraba 65,000, ambazo kwa viwanja vya mita za mraba 500 ni viwanja 130. Mwenye shamba anayeuza bila mchoro atapata viwanja 180 au zaidi, na ile tofauti ya viwanja hamsini ndiyo barabara, mtaro na uwanja wa watoto vilivyouzwa. Watu hulalamika kwamba mpango unapunguza viwanja. Ni kweli unapunguza, na mnunuzi anapaswa kujua anachokilipia.

Sasa fuata mwelekeo wa njia. Kwenye mteremko, barabara inayoshuka moja kwa moja kufuata mlima itageuka mto ndani ya miaka michache. Changarawe huondoka, mawe hubaki, kisha korongo. Njia nyingi za mtaa zikate mteremko kwa ubavu, zikiwa na mwinamo mdogo tu wa kupeleka maji, na mtaro uwe upande wa juu wa barabara ili uyadake maji kabla hayajavuka. Chache zinazolazimika kushuka zijengewe mitaro ya mawe yenye ngazi za kuvunja kasi ya maji, na kila makutano yawekewe kalavati. Kujua mwinamo si kazi ngumu: watu wawili washike ncha za mpira wa maji wakiwa mita 20 mmoja kutoka kwa mwingine, wasome tofauti ya urefu. Tofauti ya mita mbili ni mwinamo wa asilimia 10, na gari la maji lililojaa litapanda hapo kwa shida mvua ikinyesha.

Urefu wa kitalu, yaani kundi la viwanja lililozungukwa na njia, nao uangaliwe. Safu mbili za viwanja vinavyopeana visogo ni mpango mzuri, lakini safu ikizidi mita 150 bila njia ya kukatiza watu wataitengeneza wenyewe kupitia kiwanja cha mtu, na ugomvi utaanza. Acha kichochoro cha mita tatu, kiandikwe kwenye mchoro kuwa ni cha umma.

Katika mtaa uliokwisha kujengwa, kazi ngumu kuliko zote ni kupanua njia. Mtaani kwetu palikuwa na njia iliyobana hadi mita 2.4 mahali pembamba. Tulipofiwa na mzee mmoja wa huko ndani, jeneza lilitolewa likiwa limeinamishwa ubavu, vijana wawili wakipita juu ya ukuta wa jirani ili kulipokea upande wa pili, na mjane akiyaona yote. Kikao cha urasimishaji kilipoitishwa wiki chache baadaye, hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya upana wa barabara. Hata hivyo, mzee mmoja alisimama akasema, "Mwenyekiti, nikitoa mimi na jirani asipotoa, nitakuwa nimetoa nini?" Swali lake lilikuwa la haki, na lilijibiwa kwa kamba. Tulikwenda wote njiani, tukanyoosha kamba mbili kutoka mwanzo hadi mwisho, moja kila upande, mita 1.3 ndani ya mipaka ya sasa, ili njia ipate mita tano. Kila mtu akaona kamba inapita wapi kwake na inapita wapi kwa mwenzake. Kwa kiwanja chenye mita 20 kwa 20, alichotoa mtu ni mita za mraba 26 kati ya 400, yaani asilimia 6.5, na alichopata ni njia ya gari la wagonjwa na la zimamoto. Waliokuwa na ukuta mpya wa tofali walipewa muda wa kuuhamisha, na mtaa ukachangia saruji. Mahali pamoja kamba ilipita katikati ya mparachichi mkubwa. Tulisogeza njia kidogo, na mti ungali pale.

Baada ya makubaliano ndipo mpima aje kuweka bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja. Zipige picha siku hiyo hiyo, kila moja na kitu kisichohama nyuma yake, kwa sababu bikoni iliyofukiwa na udongo wa ukarabati ni chanzo cha kesi za miaka mingi.

Hatua ya tano: kiwanja

Ukifika hapa maswali mengi yamekwisha kujibiwa, na kazi inakuwa nyepesi. Thibitisha kwamba namba ya kiwanja iliyo kwenye mchoro wa mipango miji inafanana na ya ramani ya upimaji, na kwamba matumizi yaliyoandikwa ni makazi. Omba kibali cha ujenzi kabla ya kuchimba msingi. Choo na karo viwe upande ambao gari la kunyonya majitaka linaweza kuufikia, si nyuma ya nyumba mahali mpira wake hautafika, na kama kuna kisima chako au cha jirani, acha mita zisizopungua 30, ukikumbuka kwamba kwenye mteremko jirani wa chini ndiye anayepokea cha kwako.

Jambo la kiwanja linalorudi mtaani ni maji ya paa. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20, kitu cha kawaida kwetu mwezi Machi, linamwaga lita 2,000. Nyumba hamsini zikimwaga kwa pamoja, ni lita 100,000 zinazoingia kwenye mtaro mmoja ndani ya mchana mmoja. Tangi la lita 2,000 kwenye kila nyumba na kipande cha bustani kisichosakafiwa kwa saruji hupunguza mzigo huo kuliko mtaro mpana unaojengwa baadaye kwa fedha nyingi.

Hatua ya sita: panda tena

Peleka daftari lako kwenye mkutano wa mtaa. Sheria inataka wananchi washirikishwe katika kuandaa mipango, lakini ushirikishwaji wa kupiga makofi hausaidii. Pingamizi liandikwe, litaje namba ya kiwanja au jina la njia, lieleze ngazi ya tatizo, na liingie kwenye muhtasari wenye saini. Tatizo la mtaro ndani ya kitalu lijadiliwe na mtaa wenyewe. La shule liende kwa mtendaji wa kata na diwani. La mto na barabara kuu liende halmashauri, likiwa limeungwa mkono na mitaa yote inayoguswa, kwa sababu mtaa wa juu ukijenga mtaro wake bila kuzungumza na wa chini umehamisha mafuriko tu.

Mkiajiri kampuni ya upangaji na upimaji, mlipe kwa hatua: sehemu baada ya utambuzi wa mipaka, sehemu mchoro unapoidhinishwa, sehemu bikoni zinapowekwa, na ya mwisho ramani ya upimaji inapokubaliwa. Sisi tulikabidhi michango karibu yote mwanzoni kwa kampuni ambayo sitaitaja, tukakaa miaka miwili tukipiga simu. Kamati iwe na mwanamke na mwanamume kutoka kila safu ya nyumba, na daftari la michango lisomwe hadharani kila kikao.

Mchoro ukiidhinishwa, ombeni nakala kubwa ibandikwe ukutani katika ofisi ya mtaa, ikionyesha barabara, mitaro na maeneo ya wazi kwa rangi tofauti, ili mnunuzi mpya auone kabla hajatoa fedha. Mvua za kwanza za Novemba zikianza, tembeeni mtaani na nakala hiyo mkononi, mkiwa na jembe na sururu, mkianzia kwenye kalavati la juu kabisa.